Ubao Mweupe wa Maite

Ijumaa ile wakubwa wa mjini wangeamua kama satelaiti yetu imepofuka. Tangu Mei, kila ilipopita juu ya ziwa letu kavu, iliiona ardhi imefifia kuliko nilivyoipima mimi kwa miguu. Mmoja wetu alikuwa anakosea, na mimi nina miaka kumi na tisa kwenye udongo huu mweupe wa Nevada. Niliandika ripoti bila kusita: jicho limechoka, iondolewe kazini. Iliniuma, maana hata kaka yangu huangalia malisho ya kondoo wake kwa picha za satelaiti hiyo.

Jumatano tulitoka kwa kipimo cha mwisho. Verl Stokes, mpimaji mwenzangu, alisimamisha gari mbali ili tairi zisivuruge uwanja. Satelaiti ingepita saa nne na nusu. Kazi yenyewe si ngumu: unaelekeza kifaa kwenye ubao ambao weupe wake unajulikana, kisha unatembea ukikielekeza ardhini, halafu unarudi kwenye ubao. Ardhi inapimwa kwa ubao. Ndiyo maana ubao wangu hauguswi na mtu. Verl aliwahi kuupigia chafya, nikamnunia siku mbili.

Nilijipaka losheni ya jua. Tangu daktari anikate kidoa puani mwezi wa Aprili, sitoki bila hiyo. Kisha nikafungua kifuniko, nikapuliza vumbi, nikapitisha mgongo wa mkono juu ya ubao taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Vumbi lisiloonekana kwa jicho, ngozi hulijua.

"Maite," Verl akasema, "hapo unafanya nini?"

"Ninachofanya tangu wewe hujui hata kushika kifaa."

"Na huo mkono una nini?"

"Una kibao, ukikitaka."

"Kibao baadaye. Mkono unang'aa mafuta, bibie."

Nilitaka kumtukana. Lakini mimi swali likishaniingia halitoki. Nikautazama mkono, nikautazama ubao. Mweupe pe! Lakini jicho si kifaa.

"Lete ule wa akiba," nikasema. Ulikuwa garini, haujafunguliwa tangu utoke kiwandani.

"Zimebaki dakika ishirini."

"Lete, Verl!"

Tukaziweka mbao mbili bega kwa bega. Kwa macho, mapacha. Kwa kifaa, wangu ulirudisha mwanga pungufu kwa asilimia nne, na kwenye buluu pungufu zaidi. Nilirudia mara tatu. Ubao ukififia, ardhi huonekana inang'aa kupita ilivyo, na asilimia nne ndiyo ile ile niliyokuwa nikiidai satelaiti.

"Nyani haoni kundule," Verl akasema, akacheka hadi kofia ikamdondoka. Mimi masikio yaliwaka kwa aibu.

Satelaiti ilipopita tulipima kwa ubao mpya, mkono wangu nikiwa nimeutia mfukoni. Alasiri picha ikafika. Tarakimu zake na zetu zilikaa sawa.

Nikampigia mkuu wetu.

"Ile ripoti ya upofu," nikamwambia, "usiitupe. Badilisha jina tu."

"Jina gani?"

"Kila palipoandikwa satelaiti, weka Maite Etcheverry."