Lifti Nyuma ya Ukuta

Sina subira na watu wanaosema elektroni ni kitu kidogo. Udogo si hoja. Kitu hicho kidogo kilimtoa jasho profesa mzima mbele ya wageni wake, na mimi nilikuwepo, mkono wangu uko kwenye swichi.

Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya nne, chumba cha mwisho kwenye korido, hakina dirisha. Ndani yake mlikuwa na bomba refu la chuma lililonyonywa hewa yote. Upande mmoja wa bomba tulikuwa tunazitoa elektroni kwa uchoyo, moja moja, zisigusane njiani. Katikati tulitega uzi mwembamba kuliko unywele. Kila elektroni iliyofika kwenye ule uzi ilipita kulia kwake na kushoto kwake kwa wakati mmoja. Najua unavyonitazama. Hata mimi siku ya kwanza nilidhani mwalimu kalewa. Lakini kwanta ndivyo ilivyo: njiani elektroni inakwenda kama wimbi, ikifika mwisho inagonga nukta moja tu kwenye skrini, na nukta zikishakuwa nyingi zinajipanga mistari, wa giza, wa mwanga, wa giza, wa mwanga. Ukisogeza sumaku karibu, eneo lote lililoizunguka linakuwa na nguvu, tunaliita uga, na uga huo unaisukuma mistari kando. Ukiondoa sumaku, mistari inarudi mahali pake.

Ya kwetu iliruka bila sumaku. Hiyo ndiyo ilikuwa habari. Mistari ilitulia, ghafla ikaruka hatua moja, ikatulia, ikaruka tena. Profesa aliyenisimamia, ambaye wanafunzi tulimwita Bwana Hakika kwa jinsi alivyofunga kila sentensi kwa neno hilo, aliamua kuwa elektroni zinaruka zenyewe, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona. Alilitangaza redioni. Akaalika wageni ambao ndio wangeamua kama chuo kitajengewa maabara mpya. Kwa kuwa mwendesha mashine nilikuwa mimi, nilipangiwa kusimama mbele yao niwaeleze. Baada ya hapo, alisema, shahada yangu ya uzamivu imeiva, hakika.

Kisha lifti ikaharibika. Shimo la lifti liko nyuma ya ukuta wa maabara, na fundi alikuwa wa kuja kesho, na kesho ikifika anaahidi kesho nyingine. Wiki nzima tulipanda ngazi tukihema, na wiki nzima mistari ikatulia tuli. Profesa akasema mashine imechoka, niiache ipumzike. Siku fundi alipomaliza kazi yake, mistari ikaanza kuruka kabla hata sijala mchana. Nilitoka koridoni nikaiita lifti juu, nikairudisha chini, nikakimbia kutazama skrini. Imeruka. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka mlinzi akaniuliza nimepotelewa na nini. Nikamjibu nimepotelewa na shahada.

Lifti haipandi peke yake. Upande wa pili wa kamba kunaning'inia pande zito la chuma, lifti ikipanda lenyewe linashuka, na chuma kikubwa kikipita karibu lazima uga wa dunia, ambayo nayo ni sumaku, upinde. Hilo analijua kila aliyefungua kitabu cha fizikia. Kilichotuponza ni uangalifu. Tulikuwa tumeupima uga wa chumba kile kwa makini, na kwa sababu ya umakini huo tulikuwa tunapima Jumapili, jengo likiwa halina mtu wa kubamiza mlango. Jumapili lifti hufungwa. Majaribio yenyewe tuliyafanya siku za kazi, kwa kuwa maji ya kupoza mashine hufunguliwa siku za kazi tu. Tulipima utulivu wa Jumapili, tukauamini hadi Ijumaa. Mtu mzembe angepima siku yoyote tu, akaona sindano ya kipimo inacheza, akajua.

Nilimwendea profesa na ushahidi wangu. Alinisikiliza akifuta miwani, na wala hakusema naongopa. Alisema wageni wameshaalikwa na uchunguzi tutaufanya wakishaondoka.

"Wewe eleza kilichoko kwenye skrini," akasema. "Kwani mistari hairuki?"

"Inaruka, Profesa. Lakini kuna kinachoirusha."

Hapo akavaa miwani. Aliniambia nisiposimama Alhamisi na kusema yale tuliyokubaliana, nitafute msimamizi mwingine, na katika chuo kile hapakuwa na mwingine wa fani ile. Kweli hapakuwa. Miaka yangu yote ya kusoma ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye alikuwa ameshawaambia watu wa redio.

Nyumbani nilimweleza shangazi, aliyenilea tangu sijui kusoma. Shangazi ni mshona nguo, na magoti yake yameliwa na kukanyaga cherehani. Aliniacha nimwage yote huku pini ziko mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Mwanangu, ukitaka cha mvunguni sharti uiname," akasema. "Inama hiyo siku moja, uchukue chako. Ukweli utausema baadaye."

Nikamwambia nimeinama tangu mwaka wa kwanza, na cha mvunguni chenyewe sasa kinanuka. Tuligombana mpaka chai ikapoa. Alisema hakushona magauni ya harusi za watu umri wake wote ili mimi nije nigombane na ukuta. Hata hivyo nilimwomba jambo moja. Siku hiyo mimi ningekuwa kwenye mashine, nisingeweza kuondoka. Nilitaka mtu achukue kiti akakae kwenye mlango wa lifti ili usijifunge, lifti isiende popote. Shangazi aliniuliza kama nina homa. Yeye anakuja kuniona napanda daraja, alisema, hakualikwa kuwakalia watu mlangoni.

Alhamisi maabara ilijaa. Mgeni mkuu alikuwa mama mfupi, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni, na alikuwa haongei. Shangazi alikaa safu ya nyuma, amevaa gauni la kijani alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Profesa alifungua kwa maneno marefu, kisha akaniachia. Nikaeleza uzi, nikaeleza mawimbi, na mistari nayo ikaruka kama iliyofundishwa, kwa maana wageni wengine walikuwa bado wanapanda. Watu wakanong'onezana. Profesa akatabasamu.

"Nyuma ya ukuta huu kuna lifti," nikasema. "Naomba isimamishwe kwa muda, halafu mtazame tena."

Profesa alicheka kwanza yeye, ili wengine wajue ni kichekesho. Akasema vijana wa leo wana utani, na kwamba mkuu wa kitivo yuko njiani na hawezi kupandishwa ngazi kwa ajili ya mzaha. Akaniambia niendelee. Nilitazama safu ya nyuma, shangazi hayupo. Nikajua ameona aibu, ametoka asishuhudie ninavyojimaliza, na iliniuma kuliko kicheko cha profesa. Nadhani maumivu hayo ndiyo yaliyonipa kichwa kigumu. Nikakunja mikono, nikasema siendelei. Nitangoja.

Tukangoja. Profesa akakohoa, akajaribu kueleza yeye, akatazama saa. Mistari ilikuwa imelala. Hakuna hata mmoja uliotikisika, na wageni waliokuwa wameiona ikiruka sasa walikuwa wameinamisha shingo kuitazama. Mlango ukafunguliwa, akaingia mkuu wa kitivo, tai iko begani, pumzi hana. Akauliza ni mama gani yule aliyevua viatu na kukaa na kiti kwenye mlango wa lifti, ambaye kila akiambiwa apishe anasema magoti yanamuuma.

Profesa alitoka mbio. Tulimsikia koridoni akibembeleza, kisha akiamuru. Halafu tukasikia sauti ya shangazi, ile anayowatolea wateja wanaofuata nguo kabla ya siku yake.

"Nitainuka akiniambia mwanangu. Si mwingine."

Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda shangazi wakati ule. Macho yaliniwasha, lakini sikuyafuta, nisije nikaonekana nalia.

Mgeni mkuu hakuwa ameangalia mlangoni hata mara moja. Alikuwa amevaa miwani yake na kuisogelea skrini. Aliniuliza kama mistari huwa inatulia muda mrefu hivi siku ya kazi, nikamwambia haijawahi, isipokuwa wiki lifti ilipoharibika. Akasema nikamwambie mama ainuke. Nikatoa kichwa mlangoni nikasema, shangazi, iachie. Lifti ikashuka, na mistari ikaruka mbele ya kila mtu. Iliporudi juu, akasema mama akae tena. Shangazi akakaa, mistari ikatulia. Wageni wakanogewa, kila mmoja akataka kutoa amri yake, mpaka shangazi akatuma ujumbe kwamba sasa magoti yanamuuma kweli.

Mgeni mkuu akafunga mkoba. Alimwambia profesa awaite tena siku atakapokuwa na kitu cha kuonyesha, na wakaondoka wote, mkuu wa kitivo nyuma yao akiomba radhi ngazi kwa ngazi. Maabara mpya ikaondoka nao.

Tulibaki watatu, maana shangazi alikuwa ameingia anaburuta kiti chake, viatu viko mkononi.

"Umeniaibisha mbele za watu," profesa akasema. Hakupaza sauti. "Kuanzia leo mimi si msimamizi wako. Leta ufunguo wa maabara."

Niliogopa. Nilimtazama shangazi, nikingoja aniambie niombe msamaha, naye akanitazama tu, anangoja jibu kama profesa.

"Ufunguo sitoi," nikasema. "Nilipewa na chuo, chuo kikiutaka kitaniandikia. Usimamizi ni wako, uchukue. Swali ni langu."

"Swali gani? Limekwisha. Ni lifti."

"Lifti tumeijua leo. Bado hatujui hii mistari inafanya nini ikiachwa peke yake. Wiki ile ilipotulia hatukuipima, Profesa, kwa sababu ulisema mashine imechoka."

Aligeuka akaitazama skrini, nami nikaona kuwa ameelewa, maana hakuwa mjinga hata siku moja. Kisha akachukua koti lake. Alisema kamati itakaa Jumatatu, na ikishainuka mimi sitakuwa tena mwanafunzi wa chuo kile, hakika.

"Basi nina leo na kesho," nikamwambia. "Maji yanafungwa kesho jioni."

Akaondoka. Alishuka kwa ngazi, tulizisikia hatua zake mpaka chini. Shangazi aliuliza kama shahada ndiyo imekwenda, nikamwambia inawezekana. Akauliza na hivyo vidudu vyangu vinahitaji nini sasa, nikamwambia vinahitaji lifti isimame.

Shangazi akatazama bomba, akanitazama mimi, akaviweka viatu chini ya meza.

"Magoti yanauma," akasema, "lakini kukaa naweza."

Akakiburuta kiti kurudi kwenye mlango wa lifti, nami nikawasha mashine.