Kuonja Si Kula

"Nyumbani mnapika nini?" daktari aliuliza, na macho yake hayakumwelekea mgonjwa, yalimwelekea mke wa mgonjwa.

Mke aliumia. Miezi mitano alikuwa akila mboga za kuchemsha ili mumewe asizile peke yake. "Muulize yeye anakula nini kazini," akajibu.

"Kazini sili," mume akasema. "Haki ya Mungu. Hata pa kukaa sina."

Mume huyu alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa na jongo. Ugonjwa ukimshika, hata shuka likikigusa kidole alipiga ukelele. Bia aliiacha mwezi wa kwanza wa matibabu, nyama mwezi wa pili. Vidonge alimeza kila asubuhi, na maji alikunywa mpaka akazoeana na mlango wa choo. Hata hivyo asidi kwenye damu iligoma kushuka, na dozi ilikuwa imeongezwa mara mbili. Meneja naye alishampa onyo: akikosa kazi tena kwa ajili ya kidole, jiko linakwenda kwa msaidizi wake, mama mmoja waliyembandika jina la Kisu kwa kasi yake ya kukata vitunguu. Jiko lile mpishi alilipenda kupita kiasi, na wazo la kulikosa lilimtia hofu.

Alichosema kwa daktari alikiamini. Kwa wapishi wa pale, kula ni kukaa ukawa na sahani mbele yako. Kinachopita kwenye kijiko umesimama ni kazi. Kuonja si kula, alikuwa akiwafundisha hivyo wasaidizi wake kwa miaka ishirini na mbili, tena kwa ukali.

Kesho yake mke akaingia jiko la kantini na jagi.

"Kila ukionja kijiko, mimina kingine kama hicho humu. Sina neno lingine."

Mpishi alicheka, akakubali. Supu ya mifupa, akaonja, akamimina. Mchuzi wa maini, figo, dagaa. Akatia chumvi, akaonja tena. Sufuria zilikuwa nane, kijiko chake kilikuwa kama bakuli dogo, na hakuna sufuria aliyoionja mara moja tu. Kabla ya chakula cha mchana jagi lilijaa, mafuta yakaanza kuganda juu. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

"Sasa mume wangu," mke akasema taratibu, "hivyo vidonge vipambane na hili jagi kila siku?"

Kwanza alijaribu kuonja na kutema. Siku ya pili fundi mitambo mmoja alimwona kupitia dirisha la kugawia chakula, habari zikasambaa, na mchana ule nusu ya kiwanda ilikula mkate mkavu. Ikabidi akabidhi kijiko.

"Onja wewe," akamwambia Kisu, huku akitazama pembeni.

"Mimi, bosi?"

"Onja, kabla sijaghairi."

Kisu akaonja. "Chumvi imezidi. Tuongeze maji."

"Haijazidi."

"Bosi, aliyeonja ni nani?"

Maji yakaongezwa. Mpishi alisimama pale mikono mitupu, akiona uchungu kama mtu aliyevuliwa shati hadharani.

Baada ya miezi mitatu asidi ilishuka hadi ilipotakiwa. Daktari hakuongeza dozi, alimwambia tu asiache vidonge wala asirudie mazoea. Kidole kilitulia. Mke alianza kutia kitunguu kwenye mboga zake, na meneja hakutaja tena habari za jiko.

Mchana mmoja, fundi mitambo yule yule alirudisha sahani dirishani, imelambwa ikang'aa.

"Mpishi, leo niseme ukweli. Ulikuwa unatumaliza kwa chumvi, tukaogopa kukwambia. Lakini miezi hii mitatu mkono wako umekuwa wa dhahabu."

Kisu alikuwa hatua mbili tu nyuma ya mpishi, akisikia kila neno. Meneja alikuwa wa pili kwenye foleni, sahani mkononi. Mpishi alifungua kinywa aseme mkono ule ni wa nani.

"Asante," akasema, akaona aibu kugeuka nyuma.