Tangi la Diriye

Musembi alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya barabara mjini Garissa. Mwaka huo wa 1966, vita vya Shifta vikiendelea, askari walikuwa kila kona, na wenyeji walimsalimu kwa ufupi, kama mgeni yeyote wa kutoka bara, wakaenda zao.

Asubuhi moja Diriye, dereva wa lori la maji, alileta tangi linalovuja kwenye mshono. Maji yalikuwa ya watu waliokusanywa na serikali katika kijiji nje ya mji, na msafara wenye ulinzi ungeondoka mchana. Musembi akawasha mtambo wa dizeli, akachomelea. Bati likatoboka. Akapunguza umeme; moto ukawa unazimikazimika, na kila ulipowaka, tundu jingine. Jasho likamtoka. Aliona haya kuharibu tangi la watu wenye kiu.

Diriye alichuchumaa kando yake, akamweleza kwamba ujanani alikuwa kibarua bandarini Aden, akiwashikia mafundi mabati membamba.

"Umeme wa mtambo huu unakwenda upande mmoja tu," alisema kwa upole. "Joto haligawanyiki nusu kwa nusu. Ulivyofunga nyaya, linazama sana kwenye bati. Zibadilishe, kijiti cha kuchomelea kiyeyuke upesi na bati lisalimike."

Musembi alijifunzia kazi Mombasa, kwa umeme unaogeukageuka wenyewe, ambao haujali waya upi uko wapi. Hapa alikuta kishikio cha kijiti kimefungwa kwenye alama ya kujumlisha, akakiacha hivyo, maana kilifaa vyuma vinene vya greda. Sasa akazima mtambo, akakihamishia kwenye alama ya kutoa, na waya wa tangi akaupeleka kulikokuwa na kishikio. Akajaribu kwanza kwenye bati chakavu. Moto ukatulia, bati likashika bila kutoboka.

Akaziba matundu yote, kisha mshono. Walipolijaza tangi, halikudondosha hata tone, na Diriye akauwahi msafara.

Aliporudi alipitia karakanani na kibuyu cha maziwa ya ngamia kutoka kwa Lul, mkewe. Wakachemsha chai, wakakaa kivulini mwa lori wakizungumza habari za Aden na Mombasa. Walipoagana Diriye alimwita walaal, yaani ndugu, na Musembi akarudi kazini akipiga mluzi.