Mkongojo wa Marehemu Aliye Hai

Kaka yangu, ambaye mtaani wanamwita Msanii kwa kuwa hajawahi kukutwa akifanya kazi nyingine, aliuchukua mkongojo wa mama bila kuuliza. Mama alikuwa kitandani, mguu umevimba. Kaka akautazama mguu, akatikisa kichwa, akaamua kwamba mama hatatembea tena. Daktari hakuwa amesema hivyo, lakini daktari si msanii.

Uvimbe ukashuka. Mama akataka kwenda ibadani, mkongojo haupo.

"Uko kwenye sanamu," kaka akaniambia kwa simu. "Ndio nguzo yake, dada. Nikiuchomoa yote inaanguka. Njooni kwenye onyesho, mtaelewa."

Nilimwomba Mungu subira. Alinipa, ya kutosha kufika ukumbini.

Mama alinishika bega, tukaingia polepole, tukakaa mbele. Sanamu ilikuwa rundo refu la vitu vya watu: viatu, miwani, koti, sufuria, redio. Chini kabisa, mkongojo wa mama ukiwa umebeba vyote.

Kaka akashika kipaza sauti. "Sanamu hii inaitwa Waliotutoka. Kila kitu hapa ni cha mtu tuliyempoteza."

Mama akaniinamia. "Mimi nimepotea lini?"

"Subiri, mama, tuone umekufaje."

Akatokea mcheza dansi, mwanamume mwembamba mwenye uso wa msiba. Alilivaa lile koti, akalivua. Akabusu kiatu. Akaibembeleza sufuria kana kwamba ina homa. Kisha akapiga magoti, akaukumbatia mkongojo, akalia machozi ya kweli. Nyuma yetu mwanamke mmoja akapenga kamasi.

"Maskini, bibi wa watu," akanong'ona. "Alikuwa mwema, unaona tu."

"Nilikuwa," mama akamjibu bila kugeuka. "Leo sina hakika."

Akasimama. Akashika kiti, akashika bega langu, akachechemea mpaka kwenye sanamu.

"Mwanangu," akamwambia mcheza dansi, "umelia vizuri, Mungu akubariki. Sasa nipe mkongojo wangu."

"Usiuguse!" kaka akapiga kelele. "Mama, unaniharibia kazi!"

Mcheza dansi akafuta machozi. "Huyu ndiye mama yako? Si uliniambia alifia mikononi mwako?"

Kaka akaanza kuchunguza dari kwa makini sana.

Mcheza dansi akauangalia mguu wa mama, kisha akauchomoa mkongojo. Sanamu yote ikaporomoka. Watu wakainuka, wakapiga makofi, wengine wakilia upya. Kaka, aliyekuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, aliposikia makofi akaishusha, akainama kuwashukuru.

Alitukimbilia mlangoni, jasho likimtoka.

"Mama, wameipenda! Kesho uje tena, uingie vilevile."

Mama akaukandamiza mkongojo sakafuni, akaona uko imara.

"Kesho niko ibadani," akasema. "Nitakuombea. Wewe tafuta mwingine wa kufa."