Mafundo Kwenye Matete

Wilbroad aliliona kosa lake Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla kamati ya kijiji haijaja.

Upepo ulikuwa unatoka upande wa reli ya Mpanda, na matete ya mbuga ya majimaji yalikuwa yakilala na kuinuka. Yote, isipokuwa yale aliyoyafunga mwenyewe.

Kwa wakata matete wa kijiji kile, nje kidogo ya Kaliua, fundo ni neno la mtu. Ukikusanya vichwa vya matete ukavifunga pamoja, hapo ni pako, wala hakuna atakayetia mundu. Wilbroad alikata matete ya nyua na vihenge vya nafaka kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuona fundo la mtu likivunjwa. Kwa hiyo wiki iliyopita, alipokuta kiota chenye mayai manne meupe, alifanya alilolijua. Alifunga mafundo tisa, akakizungushia.

Ndege wenyewe walikuwa wadogo, si wakubwa kuliko njiwa, ila shingo wakizinyoosha ni habari nyingine. Pale kijijini waliitwa tu ndege wa matete. Mlio wa dume wengi waliusikia, kama mbwa anayebweka ndani ya mtungi, lakini kumwona hawajamwona. Akihisi mtu haruki. Hunyoosha shingo na mdomo juu, akawa tete mojawapo. Upepo ukija, naye huyumba na matete.

Sasa alikuwa akiyumba peke yake. Matete yaliyofungwa yalisimama kama ukuta, na katikati kitu kimoja cha rangi ya majani makavu kilikwenda huku na huku. Wilbroad alikiona toka hatua thelathini. Juu, mwewe alikuwa anazunguka.

Kufungua mafundo tisa ilikuwa kazi ya dakika kumi. Hakufungua.

Kile kilikuwa kipande cha mwisho cha matete. Mbuga yote iliyobaki ilishageuzwa majaruba ya mpunga. Kijiji kilikuwa kimempa kipande hicho Suzana, mjane wa kaka yake Wilbroad, ambaye majaruba yake yalifukiwa na mchanga wakati wa mafuriko. Wilbroad alisimama mkutanoni akaomba kiachwe kwa ajili ya ndege wenye mayai. Watu walicheka. Mwenyekiti, Mzee Nurdini, akakata shauri: Jumamosi kamati itakwenda. Ikimwona ndege kwa macho yake, matete yabaki. Isipomwona, Suzana alime.

Na ndege yule haonekani. Ila kwenye mafundo, hata Mzee Nurdini mwenye mtoto wa jicho angemwona.

Akirudi nyumbani alipita kwenye kitalu cha mpunga cha Suzana.

"Shemeji, mume wa ndege!" Suzana alimwita bila kuinuka. "Mke wako wa manyoya hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mwambie afungashe. Miche yangu imeanza kuwa njano."

Wilbroad alitazama. Miche ilikuwa imepita kimo cha kupandikiza. Ilibakiwa na wiki mbili, labda, kabla ya kuwa majani ya mbuzi. Suzana alikuwa na watoto watatu. Wilbroad alitafuta kosa la shemeji yake, hakuliona.

Ijumaa alirudi mbugani. Manyoya yalikuwa yakielea kati ya mafundo, mengine meusi, ya utosi wa dume. Jike lilikuwa juu ya mayai, shingo juu, likiyumba peke yake.

Aliingia majini hadi mapajani. Alifungua mafundo yote tisa, kisha akatoka kinyumenyume, akiyainua matete aliyoyakanyaga.

Jumamosi kamati ilisimama ukingoni, watu watano, na Suzana nyuma yao.

"Haya, Wilbroad," alisema Mzee Nurdini, "bibi harusi yuko wapi?"

"Yupo."

"Mtoe basi tumwone. Shela amevaa?"

Walicheka. Wilbroad alikuwa na bonge la udongo mkononi. Angelirusha tu, jike lingeruka, wote wangeliona, na matete yangebaki. Lakini sasa halikuwa na wa kulipokea zamu ya mayai, na mwewe alishazoea njia. Upepo ulivuma, matete yakalala, yakainuka. Aliliachia bonge likaanguka majini miguuni pake.

"Nikimrusha leo, hana atakapokimbilia," alisema.

Suzana alikuwa akitazama mahali pale pale. Alitazama kwa muda. Kisha akayageuza macho.

"Mimi sijaona kitu," alisema.

"Jumatatu ulime," alisema Mzee Nurdini.

Jumatatu Wilbroad alikwenda akiwa amekaza moyo, maana hakutaka kusikia habari ile kwa watu. Matete yalikuwa wima. Suzana alikuwa upande mwingine kabisa wa kipande kile, kwenye ardhi ngumu ya kichuguu, ambako hakuna aliyewahi kutaka kulima. Jembe lilipiga, likaruka.

"Umeamkaje, shemeji," alisema Wilbroad. "Mbona umeanzia huku?"

"Huku udongo laini."

Akapiga tena. Jembe likalia kama limegonga jiwe. Hakuinua uso, na Wilbroad hakumuuliza Jumamosi aliona nini.

Alihesabu. Upande ule ukilimwa wote, miche ingeenea, na matete yangeweza kungoja mpaka makinda yatoke. Lakini mikono miwili isingeumaliza kwa wiki mbili, wala kwa tatu. Na mwakani ingekuwa hesabu nyingine.

Alirudi nyumbani, akachukua jembe lake. Walilima mpaka jua likawa utosini. Mara mbili Wilbroad alisimama, akatega sikio kuelekea kwenye matete, kwa mazoea tu. Hakukuwa na wa kubweka.