Mafundi wa Dimbwini

Niliota usiku wa jana kwamba sina dagaa, sina soya, sina mashudu, wala sina la kumjibu Bwana Ruzage, mkwe wetu mtarajiwa, baba wa bwana harusi. Haya yote ninayakosa hata nikiwa macho. Ziwa limefungwa, wavuvi wamepumzishwa, na kuku wa nyama niliowaahidi kwa harusi ya mjukuu wangu Skola mwezi ujao wamedumaa kwa kukosa lishe hiyo. Ruzage ameleta ujumbe kwamba nisihangaike, watakuja na kuku wao. Sijawahi kutukanwa kwa adabu kiasi hicho.

Katika ndoto nikaingia bandani. Banda ni kiwanja cha ujenzi. Kila kuku amejengwa hadi mapajani. Kichwa na mbawa vimeegemezwa juu ya miti. Nikamuuliza jogoo mmoja kulikoni.

"Ujenzi umesimama, mzee. Pumba inatupa nguvu ya kusimama hapa tu. Tofali hakuna."

Nikakumbuka somo la ngumbaru: protini ni chakula cha kujenga mwili. Mwalimu hakutaja mafundi.

Nikaenda dimbwini nyuma ya nyumba, ninakootesha azola, yale majani madogo yanayoelea juu ya maji. Dimbwi limekuwa ofisi. Azola mmoja mwenye kofia ya ujenzi akaniamkia, nikaitikia. Nikataka waje wote, mara moja.

"Wote hapana," akasema. "Katika madebe kumi ya chakula, sisi tuwe debe moja. Tukizidi tutajaza tumbo na ukuta hautapanda. Na utuanike kwanza. Hatupandi jukwaani tukiwa tumelowa."

Mke wangu, aliyekuwa ameketi juu ya maji akichambua mchicha, akasema nimekuwa mkandarasi uzeeni. Nikamwambia aniletee kamba ya kupimia.

Nikawaanika, nikawachanganya na pumba. Wanapanda mapaja ya kuku kwa ngazi. Vidari vinainuka mstari kwa mstari. Kimoja kimepinda, naamuru kibomolewe, kinaanzwa upya.

Nikaamka. Kabla ya chai nikaenda bandani. Kuku walikuwa wadogo vilevile. Lakini kwenye kidari cha jogoo mmoja, chini ya manyoya, palikuwa na saruji mbichi, yenye alama ya dole gumba dogo kama punje ya ulezi.

Nikachota ndoo ya kwanza ya azola, nikaianika. Kisha nikamwandikia Ruzage: "Kuku ni wetu. Ninyi njooni na bwana harusi." Nikaifunga bahasha kwa gundi, nikamkabidhi kondakta wa basi la asubuhi.