Uso wa Chiriku

Darasa la tatu walikuwa wakitengeneza vinyago vya nyuso zao wenyewe. Mtoto analala chali juu ya meza, anapakwa mafuta ya mgando usoni, kisha anabandikwa vipande vya gazeti vilivyolowa uji wa ngano, tabaka juu ya tabaka, matundu ya pua tu yakiachwa wazi. Haruhusiwi kusema neno mpaka karatasi ishike umbo.

Kwa Chiriku hapo ndipo palipokuwa na kazi. Walimu ndio waliompa jina hilo, maana mdomo wake haukujua likizo. Mwalimu wa sanaa alimbandika kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu kila mwenzake aliyejaribu alichekeshwa hadi akamwaga uji.

"Mwalimu, nikipiga chafya je?"

"Utapiga kesho. Nyamaza."

Akanyamaza robo saa nzima. Darasa likampigia makofi.

Wiki iliyofuata alishikwa na homa. Alilala siku tatu, ya nne wakamzika.

Vinyago vya wenzake vilipakwa rangi, vikaenda makwao. Chake kilibaki juu ya kabati, maandishi ya gazeti yakisomeka shavuni. Mwalimu alikuwa akiingia darasani anakikwepa kwa macho, hata mwisho akaona ampelekee mama mtu. Lakini unampelekeaje mzazi uso wa magazeti? Jumamosi alijifungia darasani, akachanganya rangi mpaka ikakaribia ile ya ngozi ya mtoto, akachora nyusi, akaweka midomo inayocheka. Alipomaliza alijiona ametenda jambo jema.

Mama Chiriku alimkaribisha sebuleni. Sare ya shule ilikuwa ingali imetundikwa nyuma ya mlango, imepigwa pasi. Mama akafungua kitambaa ambacho mwalimu alikifungia kinyago, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kizuri," alisema. "Ila huyu si mwanangu, mwalimu."

"Nisamehe, mama. Nilidhani kikibaki vile kitakuumiza."

Mama alikigeuza kinyago. Ndani hakukuwa na rangi. Palikuwa na shimo la kipua kile kifupi, kidevu, na alama ya kovu alilolipata mtoto alipoanguka kwenye ngazi. Mama alipitisha kidole taratibu, kikafika kwenye nyusi, kikasimama. Vinywele vitatu vilikuwa vimenasa kwenye karatasi.

"Mafuta hayakutosha hapo," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Nilipombandua aliumia kidogo."

"Akasemaje?"

"Akasema nimemnyoa bila ruhusa ya mama yake."

Mama alicheka. Kicheko kikakatika katikati, akainama, akatia uso wake ndani ya ule wa mwanawe. Haukumtosha, ulikuwa mdogo mno. Alilia humohumo, sauti ikitoka kama ya mtu aliye chumba cha pili, na mwalimu hakujua aiweke wapi mikono yake.

Mwalimu alipoinuka kuaga, mama alimsindikiza hadi mlangoni.

"Siku nyingine usilete kitu, mwalimu. Uje tu."

Jumamosi iliyofuata mwalimu alifika hadi getini, moyo ukamshinda, akarudi. Jumamosi ya pili akabisha hodi.